Makofi Nyuma ya Pazia

"Hivi mtu akikaa eda, na masikio yake nayo hukaa eda?"

Bi Kazija aliuliza hivyo siku ya arubaini ya msiba, amekaa mkekani, kikombe cha chai kimempoa mkononi. Alikuwa jirani wa mlango wa pili hapo mtaani Malindi, mwanamke wa maneno mengi, na watu walishamzoea. Aliyeulizwa alikuwa Bi Thuwaiba, mwenye eda mwenyewe, aliyefiwa na mume wake Ammar. Uani mtu alikuwa amesogeza pipa, na Bi Thuwaiba alikuwa amegeuza kichwa.

"Si nnakuona," akasema Bi Kazija. "Kikigongwa kitu huko nje, shingo yako inakwenda. Mwili umekaa, masikio yanatembea."

"Kunywa chai yako, Bi Kazija."

Somo yake aliyemfundisha eda alimpa masharti siku ya kwanza, moja moja, huku akimshika kidole. Miezi minne na siku kumi. Asitie wanja, asijifukize udi, asivae nguo ya kupendeza, asilale nje ya nyumba. Na sauti yake isisikiwe na mwanamume asiyekuwa maharimu yake, yule anayeweza kumwoa. "Hata ukitaka kukohoa, kohoa ndani ya mto," alimwambia. Bi Thuwaiba alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na chuo cha Kurani alihitimu. Hakuwa mtu wa kuuliza sharti limetoka wapi. Akipewa, hulishika.

Kwa kuwa wanaume hawakukatika kuja kutoa mkono wa pole, na wote walikaa pale pale ukumbini mbele ya pazia la kijani alilokaa nyuma yake, hakuweza hata kumwita mwanawe Ibtisam aliyekuwa jikoni. Wakapatana, mama na mtoto, kwamba mama akimtaka atapiga makofi. Akipiga, Ibtisam huleta maji, au huleta kahawa ya wageni, au huja kuuliza. Baada ya mwezi, nyumba nzima ilijua hivyo. Wageni wakisikia makofi nyuma ya pazia husogeza miguu kupisha trei.

Uani, mkabala na pazia lile, kulikuwa na mashine mbili za boti zimefungwa juu ya ubao, kama watu wawili wasiosemeshana.

Ya kwanza ilikuwa kongwe. Ilikuwa na miaka ishirini na minane, imemzidi Ibtisam miaka mitatu. Kifuniko chake kilifungwa kwa mpira wa baiskeli, rangi ilishabanduka, na asubuhi ilitaka kuvutwa kamba mara tano au sita ndipo iamke. Moshi wake uliharibu nguo za kuanikwa. Lakini ikishawaka imewaka, mpaka mwenyewe uichoke.

Ya pili ilikuwa na miaka kumi na mmoja, nyeupe, imetoka hotelini. Zahor, mdogo wake Ammar, ndiye aliyeitafuta na kumhimiza kaka yake ainunue. Hiyo iliwaka kwa mvuto mmoja na sauti yake ilikuwa laini. Ila ikipata moto, dakika ishirini hivi, sauti ilikuwa ikishuka kidogo, kama msomaji anayeishiwa na pumzi kabla hajafika kwenye kituo. Halafu ikakohoa mara moja, mara mbili, ikazima. Ukiipumzisha saa nzima huwaka tena kwa mvuto mmoja, kama haikufanya kitu.

Ammar alijua. Aliitumia nyeupe kwa safari za hapa na hapa bandarini, na akienda mbali alichukua kongwe. Hakumwambia mtu ila mkewe. "Ndugu yangu alinitakia kheri," alisema. "Nikimwambia mashine yake mbovu, atajiona yeye ndiye mbovu." Miaka mitano tangu nyeupe inunuliwe, baada ya sala ya Alasiri, alizitia mashine ndani ya pipa la maji, akaziwasha na kuzisikiliza, na Bi Thuwaiba akatwanga vitu vyake hapo kando na kusikiliza naye. Hakuwahi kushika plagi wala kabureta. Lakini zile dakika ishirini alizijua kama anavyojua wali ukiwa karibu na kuungua.

*

Siku ya sitini na mbili Zahor alikuja na watu wawili. Mmoja alikuwa fundi Fayaz, na mwingine Kheir, mvuvi wa Uroa, mtu mrefu, mkimya, suruali imekunjwa mpaka chini ya magoti.

Jambo lilikuwa wazi. Mirathi haikuwa na kitu ila nyumba, boti na mashine mbili. Mashine moja iuzwe, kila mwenye fungu apate chake. Moja ibaki na boti mikononi mwa Haitham, mume wa Ibtisam, ili nyumba ipate kula. Haitham alishapata kazi, kupeleka wafanyakazi wa hoteli moja iliyo kwenye kisiwa, asubuhi na jioni, dakika thelathini na tano kwenda. Kabla ya hapo alikuwa mpakiaji bandarini. Alikuwa amekwenda baharini na mkwewe mara tatu tu, na zote karibu.

Bi Thuwaiba alizisikia dakika thelathini na tano. Alikuwa nyuma ya pazia na tasbihi yake.

"Shikamoo, Ami Zahor," alisema Haitham.

"Marahaba. Tia maji pipani. Fundi ana haraka."

"Kanzu hii ya msikitini," alisema Fayaz, "mkinirushia mafuta mtaifua nyinyi."

Wakaanza na kongwe. Haitham akavuta kamba mara moja, mara mbili. Mara ya nne Zahor akacheka.

"Hii si mashine, hii mgonjwa. Inataka kusomewa."

Mara ya sita ikawaka. Moshi ukajaa uani, na Fayaz akarudi nyuma kuinusuru kanzu. Walisikiliza kidogo, Fayaz akaweka mkono juu ya kifuniko, akatikisa kichwa, akaizima.

Wakatia nyeupe. Mvuto mmoja. Haikutoa hata wingu.

"Umeona," alisema Zahor.

"Sauti nzuri," alisema Fayaz. Akainama kutazama maji yanavyotoka kwenye tundu lake la ubavuni. "Na inakojoa vizuri."

"Chunga maneno. Kuna mtu ndani."

"Samahani, Bi mkubwa," Fayaz akasema kwa pazia.

Mashine iliendelea. Dakika ya tatu. Ya tano. Bi Thuwaiba aliacha tasbihi ikalala juu ya paja. Alichohitaji ni mtu mmoja tu aseme, iacheni. Iacheni ifike dakika ishirini, wala msiguse kitu. Haitham alikuwa amechuchumaa karibu na pipa, ameridhika, anatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto amshike.

Dakika ya sita adhana ya Alasiri ikatoka msikitini.

"Basi, zima," alisema Fayaz. "Imetosha. Kwa umri wake, hii nzuri kuliko nyingi nilizoziona."

Kheir wa Uroa akasema neno lake la kwanza. "Mie nilikuja kwa hiyo nyeupe."

"Nyeupe hatuiuzi," alisema Zahor. "Hii inabaki na watoto. Mayatima hawapewi kibovu. Wewe chukua hiyo nyengine, milioni mbili na nusu."

"Milioni mbili na nusu kwa moshi ule? Milioni moja na nusu, na hapo nnakusitiri."

"Mbili na nusu."

"Mzee Zahor, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikifika nayo Uroa watanicheka mpaka mbuzi."

Bi Thuwaiba alifungua mdomo. Pumzi ilitoka, sauti haikutoka. Akamkumbuka somo yake ameshika kidole. Akakumbuka tena Ramadhani, Ammar akiwasalisha hapo ukumbini, yeye na Ibtisam nyuma yake. Ammar alikuwa msahaulifu wa rakaa. Akikosea, yeye nyuma hakusema neno, kwa kuwa mwanamke katika sala hasemi. Alipiga kiganja juu ya mgongo wa mkono, na Ammar akajua, akarudi.

Akapiga. Mara moja, kwa nguvu.

Uani wote wakageuka.

"Haya, kahawa tayari," alisema Zahor. "Tumalize, tunywe, tuwahi sala ya jamaa."

Ibtisam akatoka jikoni na trei. Haitham akasogeza miguu.

Bi Thuwaiba akapiga tena.

"Na tende pia, Ibtisam," alisema Zahor. "Mamako hataki tunywe kavu."

Kheir peke yake hakusogea. Alilitazama pazia, akaitazama mashine nyeupe, akamtazama Zahor. Kisha aliacha kubishana. Alitoa pesa kwenye mfuko wa ndani, akazihesabu mara moja, milioni mbili na nusu, akampa Zahor mkononi. Zahor alifurahi na hakujiuliza. Kahawa ilinywewa. Kongwe ikabebwa na watu wawili mpaka nje, mpira wa baiskeli ukining'inia.

*

Haitham aliporudi kutoka kusali, Bi Thuwaiba alimwita ndani. Huyu alikuwa mkwe, maharimu, sauti si kizuizi.

"Hiyo nyeupe," alisema.

"Naam, Mama."

"Usiende nayo mbali."

"Mbali wapi, Mama? Kisiwani pale. Unakiona ukipanda juu ya dari."

Kongwe ilikuwa imeshapita Amani, iko njiani kwenda Uroa. Pesa ilikuwa imeshapokewa, na fungu lake limeshawekwa chini ya mto. Akisema sasa, Haitham atakwenda kwa Zahor, Zahor atasema mashine hii nilimtafutia kaka yangu mimi, mnasema nilimtafutia ubovu? Na huyo Zahor ndiye aliyekuwa akileta mchele. Ammar alinyamaza miaka mitano. Aliona na yeye anaweza.

"Basi ipumzishe," alisema. "Ukifika nusu ya njia, ipumzishe kidogo."

Haitham akacheka kwa adabu. "Mashine si punda, Mama."

Siku ya kwanza alikwenda akarudi. Siku ya pili vile vile. Asubuhi baharini kulikuwa na baridi, na upepo uliipoza. Mara moja moja ilikohoa, Haitham akapunguza mwendo, ikaendelea. Jioni alipoingia ndani Bi Thuwaiba aliuliza, "Imekwendaje?" na yeye alisema, "Alhamdulillah." Kila alipotoka, Bi Thuwaiba alimsomea. Alisoma sana siku zile. Alihisi kusoma kunatosha.

*

Ilikuwa siku ya themanini na nne, saa tano ya mchana, jua kali, bahari imelala. Haitham alikuwa anarudi kutoka kisiwani na wasichana wawili wa jikoni waliomaliza zamu. Nusu ya njia mashine ilishuka sauti, ikakohoa, ikazima. Akavuta, haikuitika. Mkondo ulikuwa unawasukuma kwenye mwamba, na mawimbi yanayovunjika yalikuwa yanaonekana.

Akafanya wanavyofanya wengi. Alitoa kifuniko, akaizungusha kamba kwenye gurudumu la juu, na ncha ya pili, kwa kuwa haikuwa na kishikio, akaizungusha kiganjani mwake. Alivuta mara nyingi. Wasichana walikuwa wanapunga mitandio. Mwisho ikawaka, kwa mvuto mmoja, sauti laini kabisa, kwa sababu ilikuwa imeshapumzika. Gurudumu likaivuta kamba na mkono.

Boti ya wavuvi iliwafikia kabla ya mwamba. Wasichana hawakupata hata mchubuko. Haitham alirudi Malindi amelazwa juu ya nyavu, na vidole vitatu vya mkono wa kulia havikurudi naye.

Habari ilifika nyumbani kwa mdomo wa Bi Kazija, na safari hiyo hakuwa na maneno mengi. Ibtisam alikimbia hospitali bila viatu. Bi Thuwaiba alisimama nyuma ya pazia. Kisha akakaa. Alitafuta tasbihi akaipata, akaanza, akasahau alikuwa akihesabu nini, akaanza tena. Hakulia. Aliona ajabu, lakini hata ajabu yenyewe ilikuwa mbali.

*

Zahor alikuja kumwona mgonjwa siku ya tatu baada ya kutolewa hospitali. Alikaa ukumbini, akachezea fimbo yake.

"Ile kamba haizungushwi mkononi," alisema. "Kila mtu anajua."

Haitham alikuwa anatazama bandeji.

"Mashine haina kitu. Fayaz kaiwasha jana mbele ya macho yangu. Mvuto mmoja."

"Sawa, Ami."

"Mimi sikulaumu. Nnasema tu ili ujue siku nyengine."

Nyuma ya pazia tasbihi iliendelea.

Wa hoteli walipiga simu. Walisema pole nyingi, wakasema wamepata boti nyengine, wakakata. Boti iliegeshwa mchangani imefunikwa turubai. Bandarini walimwambia Haitham aje atakapopona, kisha walipouona mkono walimwambia watamwita.

Mwezi uliofuata palikuwa na khitma kwa jirani. Haitham alikaa kwenye sinia na wanaume wenzake, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanzu, akachota wali kwa kushoto. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yake akamwambia kwa upole, "Kula kwa kulia, mwanangu." Haitham aliutoa mkono akauweka ukingoni mwa sinia, watu wauone. Mzee akasema, "Allah," akainamisha uso. Watu wakawa wanakula polepole, kila mmoja kwa upande wake.

"Karibu, kula," mmoja akasema.

"Nshakula," alisema Haitham, akainuka.

Nyumbani Ibtisam alimpa kijiko. Alikuwa mja mzito wa miezi mitano. Alimfungia vifungo, akamkatia kucha za mkono wa kushoto, na alipomaliza, alikata na zile mbili za kulia. Bi Thuwaiba aliwaona kupitia ufa wa pazia. Alimwuliza Bi Kazija siku moja, kwa sauti ya chini, "Hili la sauti, limo kitabuni?"

"Lipi?"

"La mwenye eda kusema na wanaume. Kwa haja."

Bi Kazija alimsogelea. "Mamangu alikaa eda miaka ile, na alikuwa akiuza andazi mlangoni. Akisema bei kwa mdomo wake. Sheikh mwenyewe alikuwa mteja."

Bi Thuwaiba aliitikia kwa kichwa. Alipokuja somo yake, alimwuliza yeye pia.

"Mimi nilifundishwa hivyo na bibi yangu," somo yake alisema. "Kwani umesema na nani?"

"Sikusema na mtu."

"Basi eda yako imetimia."

*

Siku ya mia na thalathini walimwogesha tangu asubuhi. Somo yake alikuja na Bi Kazija, wakamvika gauni jipya la zari ndogo, wakamtia wanja, wakamfukiza. Pazia la kijani lilishushwa na kukunjwa. Ukumbi ukawa mkubwa ghafla. Kazi iliyobaki ilikuwa kumtoa nje, apige hatua mbili tatu barabarani, jua limwone, arudi.

Ibtisam alikuwa ameshika chetezo, tumbo mbele. Hapo Haitham akaingia kutoka nje. Kwa mkono wa kushoto alikuwa amebeba mtungo wa samaki, changu wakubwa, wabichi.

"Wametoka Uroa," alisema. "Kheir kawaleta. Nimemkuta sokoni. Anakusalimu, Mama, anasema wewe ndiye wa kupewa."

"Waalaykumu salaam. Kwa nini mimi?"

"Kasema ile mashine kongwe haijawahi kuzima hata siku moja. Anakwenda nayo nje ya mwamba, anarudi. Keshanunua na kifuniko." Aliuweka mtungo juu ya sinia, polepole, asidondoshe. Akabaki amesimama. "Kaniuliza na kitu."

"Kitu gani?" alisema Bi Thuwaiba.

"Kaniuliza nani aliyekuwa nyuma ya pazia siku ile, aliyepiga makofi. Nikamwambia mkwe wangu, alikuwa anaitisha kahawa. Akacheka kidogo, kisha akauona mkono wangu, akaacha. Kasema, 'Mie nilifahamu kama msikitini. Imamu akikosea, wanawake nyuma hupiga makofi. Nikajua Mzee Zahor kakosea mashine. Nikalipa.'"

Moshi wa udi ulikuwa unampanda Ibtisam usoni na yeye hakuusogeza.

"Nilipiga, mwanangu," alisema Bi Thuwaiba. Sauti yake ilijaa ukumbi mzima, bila pazia la kuizuia. "Mara mbili."

"Ulijua."

"Nilijua. Ikipata moto inazima. Dakika ishirini. Baba yenu alijua, na mimi nilijua."

"Mtu wa Uroa kakufahamu. Sisi wa nyumba hii tukanywa kahawa."

"Sauti yangu ilikuwa haifai kusikiwa na wanaume."

"Mimi mkweo, Mama. Jioni ile uliniita humu ndani. Tulikuwa wawili tu."

Bi Thuwaiba alitazama mikono yake, imepakwa hina asubuhi ile, bado nyekundu mbichi. "Nilikwambia uipumzishe."

"Hukunambia kwa nini."

Akilini Bi Thuwaiba alimwona Zahor na gunia la mchele, akamwona Ammar na miaka yake mitano, na yote yalikuwa kweli, na hakuona lipi katika hayo la kumpa mtu mwenye vidole viwili.

"Haitham," alisema Ibtisam.

Somo akashika mkono wa Bi Thuwaiba. "Tumtoe mtu wetu, jua lisije kuwa kali," alisema, na Bi Kazija akasema, "Mwache kwanza."

Haitham alikwenda mlangoni. Aliinama kuvaa viatu, vile vya mkanda, akajaribu kuupitisha mkanda kwenye kifungo chake kwa vidole viwili vya kulia. Ukatoka. Akajaribu tena, ukatoka. Ibtisam aliweka chetezo chini ili aje, na yeye akamwonesha kiganja cha kushoto, asije. Wanawake wanne walikuwa wanamtazama. Alivipanga viatu vyote viwili pamoja karibu na kizingiti, kama mtu anavyovipanga msikitini, akafungua mlango, akatoka peku.